Alikuwa na divisheni wani, sapu zimetoka wapi?

Dada yangu alinipigia simu saa tatu usiku na hata salamu hakuimaliza. Mwanawe, aliyetoka kidato cha sita na divisheni wani ya pointi 5, tahasusi ya HGL (Historia, Jiografia na Kiingereza), alikuwa ameona matokeo yake ya semesta ya kwanza chuoni. Sapu mbili, yaani mitihani miwili ya kurudia. "Huyu hajawahi kufeli tangu darasa la kwanza," aliniambia. "Ama kapata marafiki wabaya, ama kuna mtu ana jambo naye. Wewe mdogo wangu umepita huko, niambie ni kitu gani."

Swali hilo huzuka kila mwaka matokeo ya semesta ya kwanza yanapotoka, na majibu ya haraka huwa yale yale: uhuru umemlevya, bumu, ile fedha ya mkopo wa wanafunzi, limemharibu, wahadhiri wana roho mbaya. Mambo hayo yapo. Lakini nimewaona vijana watulivu, wasiokunywa wala kutembea usiku, wakiangukia papo hapo. Ninavyoona mimi, wengi wao hawakupungukiwa akili wala adabu. Wamehamia mahali ambapo hesabu hufanywa kwa namna nyingine kabisa, na hakuna aliyekaa nao kuwaeleza hesabu yenyewe. Basi tukae.

Tuanze na maneno

Kozi ni kile ambacho shuleni tungekiita somo, ila ni kipande kifupi zaidi: kozi nyingi huanza na kwisha ndani ya semesta moja, yaani nusu ya mwaka wa masomo. Kila kozi ina uzito wake, na uzito huo huhesabiwa kwa krediti. Kozi ya krediti 12 ni nzito kuliko ya krediti 8, kama vile gunia la mahindi lilivyo zito kuliko debe.

Alama za kozi hutoka sehemu mbili. Ya kwanza ni tathmini endelevu: testi, asaimenti, semina, mawasilisho mbele ya wenzako, vyote vikiwa ndani ya semesta. Ya pili ni mtihani wa mwisho, ambao wanafunzi huuita UE. Katika vyuo vingi vya Tanzania sehemu ya kwanza hubeba alama 40 na UE alama 60, ingawa vipo vyuo na kozi zenye mgawanyo mwingine.

Jumla ya alama hugeuzwa kuwa herufi. Kwa utaratibu unaotumika katika vyuo vingi nchini kwa shahada ya kwanza, 70 na kuendelea ni A, 60 hadi 69 ni B+, 50 hadi 59 ni B, 40 hadi 49 ni C. Chini ya 40 umeshindwa kozi hiyo. Hapo ndipo linapokuja neno sapu, yaani mtihani wa marudio. Ukishindwa na sapu, kuna kubeba kozi: unaingia mwaka unaofuata ukiwa nayo mgongoni na kuisoma upya. Ukishindwa kupita kiasi kilichowekwa, unadisko, yaani unakatishwa masomo. Kiasi hicho kimeandikwa kwenye kanuni za mitihani za chuo husika, kitabu ambacho kila mwanafunzi angepaswa kukisoma wiki ya kwanza.

Halafu kuna GPA, yaani wastani wa herufi zako zote kwa uzito wa krediti, ambayo ndiyo inayowachanganya wazazi zaidi. Kidato cha sita pointi hupungua kadiri unavyofanya vizuri: A ni pointi 1, B ni 2, C ni 3, na masomo matatu ya tahasusi yakijumlishwa, aliyepata pointi 3 ndiye bora kuliko wote. Chuoni mambo yamegeuka. A ni 5, B+ ni 4, B ni 3, C ni 2, na GPA kubwa ndiyo nzuri. Kwa hiyo mzazi anayesikia "nina 3" na kufurahi anakumbuka divisheni, wakati GPA ya 3 ni shahada ya daraja la pili la chini. Kuanzia 4.4 ni daraja la kwanza, 3.5 hadi 4.3 daraja la pili la juu, 2.7 hadi 3.4 daraja la pili la chini, 2.0 hadi 2.6 ni ufaulu wa kawaida.

Shamba na kikoba

Shuleni ulikuwa mkulima wa msimu mmoja. Ulipanda kidato cha tano, ukapalilia, ukavuna Mei ya kidato cha sita kwa mtihani wa Baraza la Mitihani. Ukizembea kidato cha tano chote na kuamka miezi minne ya mwisho, ukaenda twisheni na kusolvu mitihani ya miaka kumi iliyopita, ulikuwa bado na nafasi. Wengi wetu tumefaulu hivyo, tena vizuri.

Chuo ni kikoba, kile kikundi cha kuweka akiba pamoja. Kila mwanakikoba anajua kwamba hisa hununuliwa kila wiki, na siku ya kuvunja kikoba mtu hulipwa kwa hisa zilizo kwenye kitabu chake. Huwezi kufika Desemba na bahasha nene ukasema unafidia wiki zote ulizokosa, maana kitabu kimeshafungwa. Alama za testi ya wiki ya sita ni hisa za wiki ya sita. Zikipita, zimepita.

Nilimwomba mpwa wangu anisomee alama za kozi mojawapo aliyoshindwa. Tathmini endelevu 17 kati ya 40. UE 20 kati ya 60. Jumla 37. Nikamuuliza zile 17 zilitokana na nini, akaniambia testi ya kwanza alipata 4 kati ya 15. "Mjomba, nilidhani ile ni ya kuzoea tu." Angepata 7 katika testi hiyo, jumla ingekuwa 40 na sapu isingekuwepo. Alama tatu za mwezi wa pili wa maisha yake ya chuo ndizo zilizomwamsha mama yake usiku.

Wanaopita pia huumizwa na hesabu hii, ila hawaoni. Chukua semesta yenye krediti 60. Mwanafunzi ana kozi tatu za krediti 12, kapata B+, B na C. Ana kozi tatu za krediti 8, kapata A, B+ na B. Kila krediti huzidishwa kwa thamani ya herufi: 48, 36 na 24 kwa zile nzito, kisha 40, 32 na 24 kwa zile nyepesi. Jumla ni 204. Gawa kwa 60, unapata 3.4, daraja la pili la chini. Sasa tuseme ile C ilikuwa alama 49. Angepata 50, ingekuwa B, jumla ingepanda hadi 216, na GPA ingekuwa 3.6, daraja la pili la juu. Ni alama moja tu, kwa sababu imeangukia mpakani na kwenye kozi nzito. Kuna matangazo ya kazi na ufadhili wa masomo ya juu yanayotaja daraja la pili la juu kama kigezo, kwa hiyo alama hiyo haiishii kwenye karatasi ya matokeo.

Hapa niseme wazi kuhusu uvumi unaowaangamiza wengi: kwamba mwaka wa kwanza hauhesabiwi. Katika vyuo vingi vyetu unahesabiwa, na krediti zake zina uzito ule ule wa krediti za mwaka wa mwisho. Anayesema mwaka wa kwanza ni wa kupumzika kidogo anakushauri uanze kikoba mwezi wa tano. Na sapu nayo ina gharama yake: ukiifaulu, hata ungeandika vizuri namna gani, kwa kawaida unaandikiwa C tu. Sapu hukuokoa usibebe kozi, lakini GPA uliyopoteza hairudishi.

Nafasi tupu kwenye ratiba

Mzazi anayeona ratiba ya chuo hushangaa: Jumatatu vipindi viwili, Jumanne kimoja, Ijumaa hakuna kitu. Mwanafunzi naye hushangaa kwa furaha. Ametoka bweni ambako kengele ililia saa kumi na moja alfajiri, kukawa na usafi, gwaride, vipindi hadi mchana, kisha prepo ya usiku chini ya macho ya mwalimu wa zamu. Miaka miwili hakuna aliyemuuliza anataka kusoma saa ngapi.

Krediti moja maana yake ni saa 10 za kazi. Mwaka wa masomo wa shahada ya kwanza hukadiriwa krediti 120, yaani saa 1,200. Zigawe kwa wiki 30 za masomo: saa 40 kwa wiki, sawa na mtu aliyeajiriwa. Ukiona ratiba ina mihadhara na semina za saa 18, zile 22 zilizobaki hazikusahauliwa na aliyepanga ratiba. Alikukabidhi wewe. Ni za maktaba, za kusoma sura alizozitaja mhadhiri, za kuandika asaimenti na kuirudia, za kukaa na wenzako mkibishana juu ya swali moja mpaka lieleweke. Wanafunzi wana neno zuri kwa hili, kupiga msuli. Kosa ni kuuacha msuli mpaka wiki mbili kabla ya UE.

Nilivyoelewa mwenyewe, tena kwa kuchelewa, mhadhara ni kuonyeshwa mipaka ya shamba. Mhadhiri anatembea nawe saa moja au mbili: hapa ndipo linapoanzia, pale kuna mawe, upande ule wengine walilima wakakosa. Kisha anaondoka. Kulima ni kwako. Mwalimu wa kidato cha sita alilima nawe, jembe kwa jembe, kwa sababu mtihani wa mwisho hakuutunga yeye wala hakuusahihisha. Mlikuwa upande mmoja mkimkabili mtu msiyemjua. Mhadhiri hutunga, hufundisha na husahihisha. Vijana wengine hutafsiri hilo kama uadui. Kumbe kuna faida kubwa ndani yake: mtu anayejua kitakachoulizwa yuko mbele yako kila wiki, ana saa zake za kuonana na wanafunzi, na mara nyingi wakati huo mlango wake hauna foleni. Mitihani, kwa upande wake, hupitiwa pia na watahini wa nje, na chuo kina utaratibu wa kukata rufaa. Maneno ya "yule hafaulishi" hayasaidii kitu ukiwa hujawahi kumwendea na karatasi yako ya testi ukamuuliza alama zilipotelea wapi.

Hoja sita hazitoshi

Hapa ndipo wanaotoka HGL, HKL (Historia, Kiswahili na Kiingereza) na tahasusi za aina hiyo hujikwaa zaidi.

Kidato cha sita ungeulizwa ueleze sababu za Vita vya Majimaji vya 1905 hadi 1907. Ulijua cha kufanya: utangulizi, hoja sita zenye maelezo, hitimisho. Kodi, kilimo cha pamba kwa kulazimishwa, ukatili wa maakida (watawala wadogo waliowekwa na Wajerumani), na kadhalika. Aliyekariri vizuri alipata vizuri, na sioni aibu katika kukariri. Bila kuujua ukweli wa msingi huwezi kufikiri juu yake.

Chuoni swali huja hivi: wapo wanahistoria walioiona Majimaji kama mwanzo wa utaifa wa Tanganyika, na wapo walioiona kama mapambano ya jamii mbalimbali, kila moja na sababu zake za karibu. Mtazamo upi una ushahidi zaidi? Mwanafunzi wa hoja sita anaandika zile zile sababu sita, kurasa nne, mwandiko safi, anapata 6 kati ya 15 na kuamini ameonewa. Hakuonewa. Aliulizwa njia, akataja majina ya vijiji. Swali lilimtaka achague upande, alete ushahidi, aonyeshe kwamba amesikia hoja ya upande wa pili na kueleza kwa nini haikumshawishi. Anaweza hata kusema pande zote mbili zimekosea, ilimradi aonyeshe.

Majimaji yenyewe ni mfano ninaoupenda. Mwishoni mwa miaka ya 1960 wanafunzi wa historia wa chuo ambacho leo ni Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walitumwa vijijini kusini kukusanya simulizi za wazee waliokumbuka vita hivyo. Vijana wa umri wa mpwa wangu walirudi na maelezo ambayo hayakuwamo katika kumbukumbu za Wajerumani, na watafiti wa baadaye wameyatumia, wakayahoji, wakatofautiana juu ya maana yake. Chuo kinamwona mwanafunzi hivyo: mtu anayeweza kuongeza kitu kwenye kinachojulikana. Mwaka wa kwanza hakuna anayekutarajia ufike huko, lakini maswali tayari yanakuelekeza huko.

Kwa sababu hiyo pia chuo hukazania kutaja ulikotoa maneno. Shuleni hakuna aliyekuuliza hoja yako umeitoa kitabu gani. Chuoni kunakili aya ya mtu bila kumtaja ni wizi, na unaweza kufutiwa asaimenti nzima. Kozi ya stadi za mawasiliano, ile ambayo wanafunzi huidharau na kuitoroka, ndimo mambo haya hufundishwa: kuandika aya yenye wazo moja, kuchukua maelezo wakati mtu anazungumza haraka, kutaja chanzo. Ningekuwa na uwezo ningemketisha kila mwanafunzi wa mwaka wa kwanza safu ya mbele katika kozi hiyo.

Wanasayansi wana mlango mwingine wa kuingilia shida ile ile. Aliyezoea kutambua swali kwa sura ("hili ni la projektaili, fomula ni ile") anakutana na swali ambalo halikuwahi kuulizwa, na fomula haijitokezi yenyewe. Inabidi aijenge.

Lugha, na madesa

Kuna jambo ambalo hatulisemi vya kutosha. Mtoto wetu husoma shule ya msingi kwa Kiswahili, kisha sekondari kwa Kiingereza ambacho mara nyingi walimu wenyewe hulazimika kukitafsiri darasani ili somo lieleweke. Kwa kukariri, mtu anaweza kupita kidato cha sita na sentensi za Kiingereza alizoziazima kwenye madaftari. Swali linalotaka hoja yako mwenyewe halikubali sentensi za kuazima. Kijana ana wazo zuri kichwani, kwa Kiswahili, na kalamu inashindwa kulivusha. Nawashauri watu wa nyumbani wasimcheke wala kumwita mbumbumbu. Njia iliyonisaidia mimi ni kuandika kwanza hoja yangu yote kwa Kiswahili, mistari mitano tu, mpaka niione imenyooka, ndipo nianze kuhangaika na Kiingereza chake. Na kusoma kurasa chache kila siku, neno gumu likiandikwa pembeni. Haileti matunda kwa wiki moja.

Madesa ndiyo njia ya mkato iliyozoeleka. Desa ni maelezo ya kozi yaliyofupishwa na waliotangulia, yanayotolewa kopi kwenye vibanda vya stesheneri kuzunguka chuo au kutumwa kwenye makundi ya WhatsApp. Sisemi uyatupe. Kwa kujikumbusha usiku wa kuamkia mtihani, desa zuri ni msaada. Lakini desa ni chakula kilichotafunwa na mtu mwingine: lina majibu ya maswali ya mwaka juzi, na makosa ya aliyeliandika yamo ndani, yakinakiliwa kizazi hadi kizazi. Msahihishaji anayeona kosa lile lile kwenye karatasi nyingi anajua limetoka wapi.

Kabla ya Oktoba

Mtihani wa kidato cha sita hufanyika Mei, na vyuo hufunguliwa Oktoba au Novemba. Kati ya hapo wapo wanaokwenda JKT (Jeshi la Kujenga Taifa), wapo wanaokaa dukani kwa baba, wapo wanaosubiri mkopo huku wakihesabu siku. Karibu miezi sita mtu hajashika kitabu, halafu testi ya kwanza inamkuta wiki ya tano au ya sita wakati bado anatafuta chumba na bumu halijaingia. Mzazi anayeweza kumtumia kijana chochote kabla ya bumu, hata kidogo, anamnunulia utulivu katika zile wiki ambazo watu wengi hupoteza hisa zao za kwanza.

Dada yangu nilimweleza haya yote, na aliponiuliza sasa afanye nini, nilimwomba ampe mwanawe simu. Kijana alinisalimu kwa sauti ya chini, shikamoo mjomba. Sikumgombeza. Nilimuuliza kama anao muhtasari wa kozi za semesta ya pili, ile karatasi ambayo mhadhiri hugawa siku ya kwanza. Akasema anao, upo kwenye simu, ila hajaufungua. Nikamwambia aufungue nikiwa nasubiri.

"Wiki ya tano, asaimenti, alama 10," alisoma. "Wiki ya saba, testi, alama 15. Wiki ya kumi na moja, mawasilisho..."

"Leo mko wiki ya ngapi?"

"Ya tatu, mjomba."

"Na swali la asaimenti limeshatolewa?"

Akanyamaza kidogo, nikasikia kidole chake kikisugua kioo cha simu. "Limo humu humu," akasema. "Ukurasa wa pili."